Ngitili ya Pastory

Kwanza niseme wazi: siku Pastory alipofika Kisanga hakunifurahisha hata kidogo. Leo ni jirani yangu, na mkewe Juliana namhesabu kama mdogo wangu wa tumbo moja. Lakini siku ile alipotokeza na ng'ombe wale wote, vumbi limempanda mpaka kwenye kope, nilisimama katikati ya mahindi yangu nikasema moyoni, haya, tumekwisha. Sisi hatukuwa watu wa ng'ombe. Sisi ni wa mahindi, mpunga kidogo bondeni na kuku, na babu zangu wamelima hapa tangu kabla reli haijafika Kilosa. Tembo akitoka Mikumi tunajua namna ya kumfukuza. Msukuma mwenye ruhusa ya kijiji unamfukuzaje?

Aliniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, ingawa nilimwona kabisa kwamba tunalingana, na kama kuna mkubwa basi ni yeye. Baadaye nilimuuliza kwa nini alinizeesha vile mbele ya watu. Akasema, "Dada Mwamvua, mtu akiwa na jembe mkononi na uso kama ule, unamwamkia tu." Hivyo ndivyo anavyotania, mdomo umefungwa, hacheki. Mimi nilicheka kwa niaba yake.

Alizaliwa upande wa Shinyanga. Baba yake alikuwa na mahali pazuri pa kulishia, kisha watu wakakazana na pamba, wakalima mpaka majani yakabaki kwenye kingo za njia tu. Wakahamia Igunga, huko miti ikakatwa na malambo yakakauka. Wakashuka Usangu, wakawakuta wengine wameshatangulia na mifugo mingi kuliko majani. Pastory anasema amefukuzwa na pamba, akafukuzwa na kiu, halafu akafukuzwa na ng'ombe wa wenzake. Kila walipohama waliacha kitu. Juliana aliacha kaburi la mtoto Igunga na kaburi jingine Usangu, na hakuna hata moja alilowahi kurudi kulipalilia.

Masika yao ya kwanza hapa kwetu, homa ikamchukua binti yao Imelda, wa kwanza kuzaliwa, msichana mrefu aliyekwisha kuanza kunisaidia kupepeta. Tulimzika nyuma ya nyumba yao. Mimi ndiye niliyekuwa nakoroga uji wa msiba, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu Juliana alivyomwambia mumewe. Hakulia alipokuwa akisema. "Baba Imelda, mimi sihami tena. Hili la tatu siliachi. Ukitaka kuhama, hama na ng'ombe wako." Pastory akasema hatahama. Alisema hapa ndipo naye atakapozikwa.

Basi kuanzia hapo maisha ya yule bwana yakawa na jambo moja tu: ng'ombe wale lazima wapate kula kiangazi kizima bila kuondoka Kisanga. Wakikosa, inabidi ahame, na akihama anahama peke yake. Mambo mengine yote ninayosimulia yametokana na hilo.

Mwaka uliofuata tukaanza kumshangaa. Mvua zilinyesha, mbuga iliyo nyuma ya mashamba yetu ikajaa majani ya kufika kifuani, mazuri, laini, na Pastory hakulisha pale. Alichomeka miti miwili kama nguzo za mlango, bila mlango wala ua, na ng'ombe akawapeleka mbali, huko kwenye mawe, warudi wamechoka. Kila asubuhi yeye mwenyewe alikuwa akizunguka ile mbuga kwa miguu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Watu kwenye klabu ya pombe walikufa kwa kicheko. Alfred ndiye aliyekuwa mkubwa wa wachekaji. Huyu Alfred ni kijana wetu wa hapahapa, fundi wa kila kitu na wa kutokumaliza chochote.

Nilimwendea nikamuuliza. "Shemeji, hawa ng'ombe wamekukosea nini?"

"Hii ni ngitili," akasema. "Kwetu tunafunga majani wakati wa mvua, tunafungua wakati hakuna majani popote. Ni akiba."

"Unaweka akiba ya nyasi?"

"Wewe unaweka akiba ya nini ghalani, dada? Si nyasi tu zile, zenye punje?"

Lakini nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Kwao majani ni mafupi. Kwetu majani yakiachwa yanakuwa marefu na mazito, na yakikauka yanangoja moto tu. Ndiyo maana sisi tuna moto wa Juni. Mahindi yakishavunwa, majani yangali nusu mabichi, kijiji kizima kinatoka alasiri upepo ukitulia, kila mtu na tawi lake la majani mabichi, tunachoma mbuga kidogo kidogo. Moto wa Juni ni mpole. Unatembea chini, haupandi mti, umande ukishuka unazimika wenyewe. Ukifika Oktoba, wakati moto ni mkali na hauna huruma, haukuti cha kula. Baba yangu alichoma hivyo, na baba yake.

Kwa Pastory hilo lilikuwa kama kumwambia mtu achome ghala lake ili panya wasiingie. Kwao anayewasha moto kwenye ngitili analipishwa ng'ombe. Tulibishana mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe tukakubaliana hivi: ngitili yenyewe isiguswe, lakini kijiji kichome mkanda mpana kuizunguka, pande zote, ili moto wa Oktoba ukija usipate njia. Siku ile ya kwanza Juni alisimama ndani ya majani yake na tawi mkononi, anatoka jasho, anatuangalia kama wezi. Moto ukatembea, ukafika kwenye mstari, ukafa. Akaja kunipa mkono.

Ikafika Oktoba. Popote ulipotazama palikuwa peupe, na ngitili imesimama ya rangi ya ugoro, imejaa. Tulikwenda kutazama anavyofungua. Ng'ombe walisimama nje ya zile nguzo mbili, mbele yao jike mmoja mzee wa mabakabaka aliyemwita Mabaka, aliyetembea naye tangu Igunga. Hakuna aliyeingia. Pastory akapiga mluzi mmoja mrefu. Mabaka akapita katikati ya nguzo, taratibu, kama bibi harusi, na wengine wote wakamfuata. Wale waliocheka walikuja baadaye na vibuyu kuomba maziwa. Alfred naye alikuja, na Juliana akamjazia.

Miaka kadhaa ikaenda vizuri hivyo. Natamani ningeishia hapa.

Lakini hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Zamani kuuza hata gunia ilikuwa kujificha ficha, kisha ghafla kila mtu akaambiwa auze anachoweza. Mimi sikatai, nilipata kanga nzuri na sabuni ya kunukia dukani Mabwerebwere, na sitaki kurudi kwenye foleni. Ila mji wa Mikumi ukajaa nyumba za wageni, malori yanalala kando ya barabara, na kila lori linalorudi Dar es Salaam lina nafasi ya magunia ya mkaa. Vijana wetu wakagundua kwamba mlima nyuma ya mbuga ni mkaa uliosimama. Alfred alikuwa wa kwanza kujenga tanuri. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akamaliza kitu alichoanza. Akafuatwa na wengine, na ukipita barabarani unaona magunia yamepangwa, yamevikwa majani kichwani. Mlima ule niliokuwa nikiokota uyoga ukawa visiki. Niliuliza mkutanoni nani aliyeruhusu, nikaambiwa mama, mambo yamebadilika. Hilo nililijua. Nilichouliza ni nani aliyeruhusu.

Ikaja Juni moja. Tukapiga mbiu ya moto kama kawaida, alasiri ikafika, nikatoka na tawi langu. Tulikuwa mimi, Pastory, Juliana na mzee Filipo ambaye hata kutembea anategemea fimbo. Basi. Vijana wako mlimani kwenye matanuri, wasichana wako Mikumi wanauza nyanya, wanaume wengine wamesema watakuja kesho, na kesho hawakuja. Pastory akatutazama sisi wanne. "Moto hauwashwi na watu wanne," akasema, na alikuwa na haki. Ukiwasha mkanda na huna wa kuushika, umechoma ngitili mwenyewe. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, nikamfokea hata kuku.

Pastory hakukata tamaa. Akachukua fyekeo, akaanza kufyeka mkanda kwa mikono. Yeye na Juliana, kila siku, wiki baada ya wiki, viganja vikawa vidonda. Wakamaliza, wakazunguka pande zote. Ulikuwa mkanda mzuri na mpana. Nikaenda kuutazama, na nikaona yale majani yaliyofyekwa hayakutolewa. Ameyarundika vizuri, rundo baada ya rundo, yote juu ya mkanda.

"Yaondoe haya," nikamwambia. "Yapeleke mbali, au yatupe mtoni."

Akanitazama kama nimemtukana. "Dada, nitupe majani? Ndama watakula haya Septemba."

"Na moto ukija?"

"Nitakuwa nimeshayamaliza."

Sasa nielezeni. Mtu amefukuzwa mkoa hadi mkoa kwa kukosa majani. Amelala na njaa kwa kukosa majani. Utamfundishaje mtu huyo kutupa majani? Sisi tungeyatupa bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kwetu majani ni uchafu wa shamba. Yeye mkono wake ulikataa. Ndama walikula baadhi ya marundo, na mengine yakabaki, yamekauka, yanalia ukiyakanyaga.

Moto ulitoka kwenye tanuri la Alfred, Oktoba, saa nane mchana, siku yenye upepo. Tanuri lilipasuka upande, na Alfred mwenyewe alikuwa Mikumi anangoja lori. Niliona moshi nikakimbia bila viatu. Ulishuka mlimani ukiruka kisiki hadi kisiki, ukafika kwenye mkanda, na kwa kitambo kidogo nilidhani utasimama, maana ulisita. Kisha ukapata rundo la kwanza. Kutoka pale ukaenda rundo kwa rundo, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Pastory alikuwa anayaburuta yale marundo kwa mikono mitupu, anayatupa, sasa ndiyo anayatupa. Juliana alimshika shati akamvuta mpaka likachanika. Ngitili yote iliteketea kabla wali haujaiva jikoni kwangu, na nilikuwa nimeinjika muda tu kabla ya kukimbia. Sauti ya moto ule bado naisikia nikichoma takataka.

Ng'ombe walikuwa mtoni, hawakuungua. Lakini hawakuwa na cha kula, na mvua za vuli mwaka ule zilikataa. Tuliwaona wakikonda mpaka unaweza kuwahesabu mbavu. Ndipo akaja Laurent, kaka yake Juliana, naye ni mfugaji, akasema kusini, njia ya Ifakara, bado kuna majani bondeni. Juliana akasema lile lile alilosema kwenye msiba. Pastory akamkabidhi Laurent ng'ombe wote, wakiwa wamekonda vile vile, akabaki. Aliagana nao kwenye zile nguzo mbili zilizoungua. Mabaka aligeuka mara kwa mara kumtazama mpaka Laurent akamchapa. "Majani yakirudi nitawafuata," Pastory alimwambia shemeji yake.

Na majani yalirudi. Msidhani nyasi ni kitu cha kufa kirahisi. Mvua za masika zilipoanguka, mizizi iliyosalia ikatoa vichipukizi, kijani mpaka macho yanauma, na ingawa palikuwa na mapengo mengi ya udongo mtupu, yule bwana alichangamka kama aliyepona. Akachomeka nguzo mpya. Akarudia kuzunguka asubuhi, mikono nyuma. Alisema mwaka mmoja wa kuacha, au miwili, na ngitili itakuwa kama zamani. Juliana alianza kuimba tena akitwanga.

Trekta lilikuja asubuhi. Lilitoka barabara kuu, na nyuma yake gari la bwana mmoja wa Morogoro, mtu wa heshima, aliyetaka kulima ufuta. Kijiji kilimpa ile mbuga. Nguzo za Pastory zililazwa na gurudumu la kwanza. Tulikwenda ofisini, mimi, Pastory na Juliana, na mimi ndiye niliyekuwa natoa sauti. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mpole, akatupa benchi.

"Pale palikuwa pori," akasema. "Pameungua, hapana ng'ombe, hapana shamba. Bwana Pastory, wewe pale ulikuwa unafanya nini?"

Pastory akafikiri. "Nilikuwa napaacha," akasema.

"Unapaacha?"

"Ndiyo. Kazi yake ni kupaacha."

Mwenyekiti alinitazama mimi, kama vile nitafsiri. Nilieleza, nikaeleza tena, nikamkumbusha maziwa aliyokunywa. Akasema serikali inataka ardhi itumike. Pastory alinyanyuka akashukuru, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba alishukuru. Tulirudi, na trekta linasikika njia nzima.

Yule bwana wa ufuta hakuwa mtu mbaya. Alipoona Pastory anakuja kila siku kusimama kando ya shamba, akamuuliza kama anataka ulinzi. Kazi yenyewe ni kuzuia mifugo. Nilidhani atamtemea mate. Akakubali. Nilimwendea nikiwa nimejaa maneno, nikamwambia, "Yaani wewe, Msukuma, ukalinde shamba dhidi ya ng'ombe?" Akanijibu taratibu kwamba Juliana hahami, na yeye aliahidi, na bila mfugo mtu lazima ale kwa kitu fulani. Halafu akasema, "Na angalau nitakuwa palepale, dada." Nilikwenda zangu nikalilia jikoni, nikasingizia moshi.

Ufuta ulivunwa, shamba likalimwa tena mapema kungoja mvua. Oktoba ikafika. Kote peupe, na ile mbuga ya zamani ni udongo mwekundu mtupu, umesawazishwa kama kitanda, hakuna hata jani. Siku hiyo nilikuwa nampelekea Pastory mihogo, maana Juliana alikuwa na homa. Tukaona vumbi. Alikuwa Laurent, anapeleka ng'ombe mnadani, kusini nako wameanza kufukuzwa. Wachache tu ndio waliokuwa wa Pastory. Wengine walikuwa wamekufa njiani au wameuzwa.

Kundi lilipofika sambamba na shamba, mmoja akajitenga. Alikuwa amezeeka, nyonga zimetoka, lakini mabaka yale huwezi kuyasahau. Alitembea peke yake mpaka mahali zilipokuwa nguzo mbili, na pale hakuna tena alama yoyote, akasimama. Hakuingia. Alisimama vile vile kama alivyofundishwa, kichwa mbele, anangoja. Ulikuwa ndio mwezi wa kufungua.

Laurent akaja na fimbo. Akamchapa, akamvuta mkia, hakusogea. Alimwambia Pastory, "Shemeji, mwondoe, wewe ndiye mlinzi." Pastory aliangalia kule barabarani, kama gari la bwana wa ufuta linakuja au la. Kisha akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi ule mmoja mrefu.

Mabaka akaingia. Alitembea juu ya ule udongo taratibu, miguu inazama, akainamisha pua, akanusa, akasogea mbele, akanusa tena. Alifika katikati. Akasimama kidogo. Halafu akageuka mwenyewe, akarudi kwa njia ile ile, akapita mbele ya Pastory bila kusimama, akaingia kundini, na Laurent akawaswaga wote kuelekea barabarani. Pastory alitazama mpaka vumbi likatua.

Kisha akavunja tawi, akaingia shambani, akaanza kufuta nyayo. Aliinama akafuta moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, mpaka katikati na kurudi, bwana asije akazikuta. Nilimwambia aache, mvua itazifuta. Akasema mvua bado, akaendelea kufuta.